Msitu wenu wa mjini unahitaji jina na logo? Anzieni hapa

Wadau habari. Hii naandika kwa wale ambao wamejikuta kwenye kamati, sijui ya halmashauri, sijui ya kaunti, ama ni kikundi tu cha mazingira cha mtaani, mmekabidhiwa kipande cha msitu au bonde la mto au machimbo ya zamani yaliyoota miti, wananchi wataingia kutembea na kupumzika, na sasa mnaambiwa mgeni rasmi anakuja kufungua kwa hiyo tafuteni jina na logo haraka. Hizi kazi nyingi zinafanyika kinyumenyume. Kitu cha kwanza watu wanampigia kijana wa grafiksi, kijana anashusha picha ya jani mtandaoni anaizungushia duara la kijani, wiki imeisha, bango limechapwa, na mwaka mmoja baadaye hakuna hata bodaboda mmoja anayelijua hilo jina.

Mi naamini jina la sehemu kama hiyo halitungwi ofisini, linatafutwa. Pale mahali tayari panaitwa kitu. Kuna watu wamepita hapo miaka na miaka, wamekata kuni, wamelisha mbuzi, wamejificha mvua, na lazima walikuwa na namna ya kuambiana tukutane wapi.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kutembea na daftari. Kaa kijiwe cha bodaboda cha karibu, ongea na makonda wa njia hiyo, mama ntilie, wazee waliolima hapo kabla eneo halijawa la umma, wavuvi kama kuna maji, waganga wanaochimba dawa humo, na watoto, hao usiwaruke kabisa maana wao ndo wana majina ya kila kona, mti fulani una jina, jiwe fulani lina jina, kidimbwi cha kuogelea kwa wizi kina jina. Swali la kuuliza ni "hapa mnapaitaje?" Usiulize "mngependa paitweje?" kwa sababu ukiuliza hivo mtu anaanza kukutafutia la kukufurahisha, utaletewa Paradise, utaletewa Green Valley, utaletewa Serengeti Ndogo na jina la mheshimiwa wa jimbo. Ukiuliza wanapaitaje unapata ukweli, Machimboni, Mkuyuni, Kwa Mzungu, Kwa Bibi fulani. Andika yote hata yale ya aibu, na pembeni andika nani kasema na kwa nini paliitwa hivo, kwa sababu hiyo sababu utaihitaji mbele huko kwenye vibao na kwenye maelezo ya wageni.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni kisiwa cha Saanane pale Mwanza. Mgeni akisikia anadhani ni saa nane mchana, anaanza kuuliza kwani saa nane kunatokea nini huko, kumbe ni jina la mzee Saanane Chawandi aliyekuwa akiishi kisiwani kabla serikali haijapachukua na kupafanya bustani ya wanyama mwaka 1964. Mwaka 2013 kikapandishwa hadhi kuwa Hifadhi ya Taifa, ndogo kuliko zote Tanzania, na jina likabaki lilelile la mzee. Hakuna mtaalamu wa matangazo ambaye angeweza kutunga kitu kama hicho. Ule mkanganyiko wenyewe unafanya watu waulize, na wakiuliza kuna stori ya kuwapa.

Nairobi nako, Karura ni Karura. Msitu ulitangazwa rasmi mwaka 1932, miaka ya 1990 mwishoni viwanja vikawa vinagawiwa watu kimyakimya, Wangari Maathai na wenzake wakaenda kupanda miti getini wakapigwa mpaka damu Januari 1999, na leo watu wanakimbia humo asubuhi na kuendesha baiskeli kama vile haikuwahi kuwa na shida. Ulipotengenezwa vizuri kwa ajili ya umma hakuna aliyehitaji kuubatiza upya, jina lilikuwa limeshabeba hiyo vita yote. Kama eneo lenu watu walilipigania lisiuzwe, tafadhali msibadilishe jina eti kwa sababu mfadhili anataka kitu cha kisasa.

Na kama jina lililopo ni baya? Inatokea, palikuwa dampo panaitwa Jalalani, au palikuwa na sifa ya vibaka. Hapo msikimbilie kufuta. Angalieni walivyofanya Bamburi kule Mombasa, machimbo ya kiwanda cha saruji, jiwe tupu lenye chumvi ambalo hata nyasi zilikataa, mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo René Haller akaanza kupanda mivinje na taratibu udongo ukajitengeneza, ndege wakarudi. Walipofungulia umma mwaka 1984 waliiita njia ya asili ya machimbo ya Bamburi, yaani neno machimbo walilibakiza hapohapo mlangoni kabisa, na mi naona walikuwa sahihi maana mtu akisimama chini ya mivinje akijua hapa palikuwa shimo la kuchimba mawe ndo anashangaa vizuri. Jina la Haller Park limekuja 1999, miaka yote hiyo baadaye, kazi ikiwa imeshaonekana. Jalalani nayo ikishakuwa msitu ni sifa. Ila kama jina lina tusi ndani yake au linadhalilisha kabila fulani hilo acheni, hakuna mjadala.

Sasa neno la mbele ya jina. Hapa watu wanajiandikia tu na baadaye wanaandikiwa barua. "Hifadhi ya Taifa" ni hadhi ya kisheria, kwa Tanzania hiyo ni ya TANAPA na inatangazwa kwa utaratibu wake, huwezi kuamka ukaiandika getini. Pori la akiba liko kwa TAWA. Msitu wa hifadhi unaosimamiwa na serikali kuu uko TFS, na wana daraja la juu wanaloliita Hifadhi ya Mazingira Asilia, Amani kule Muheza ndo ilikuwa ya kwanza mwaka 1997. Kenya kuna KWS kwa wanyama na KFS kwa misitu na kaunti nazo zina bustani zao. Kwa hiyo kabla hujachora chochote uliza eneo lenu kwenye makaratasi ni kitu gani hasa.

Alafu kuna upande wa masikio ya watu. Mtu wa kawaida akisikia mbuga anategemea simba, ukimpeleka akakuta tumbili wawili na kenge atakwambia umemtapeli. Akisikia bustani anategemea viti, maua na maharusi wanapiga picha, atakuja na viatu vya kisigino. Akisikia msitu peke yake kuna wengine wanaogopa, nyoka, wezi, majini. Ushauri wangu: jina fupi liandikwe kubwa, neno la aina liandikwe dogo chini yake. Pugu ya Dar es Salaam kwenye makaratasi ni Hifadhi ya Mazingira Asilia Pugu-Kazimzumbwi, sasa nani ataimaliza hiyo kwenye simu na vocha inakata? Watu wanasema Pugu. Basi weka PUGU kubwa na hayo mengine yakae chini kwa herufi za kawaida, sheria imeridhika na konda ameridhika.

Mkishakuwa na majina matatu manne anzeni kuyajaribu. Jaribio la kwanza ni la konda, simama kwenye daladala useme kwa sauti "shusha..." malizia na jina, kama unajisikia mjinga basi hilo jina halifai. La pili mtu alisikie redioni mara moja alafu aliandike, ukikuta kila mtu kaandika kivyake hilo litakusumbua kwenye kutafutwa mtandaoni. La tatu ni ile alama ya ng', kama jina lina ng' ujue anwani ya tovuti na hashtag havikubali kile kikoma cha juu, kwa hiyo Ng'ambo itakuwa ngambo tu, sio mwisho wa dunia ila amueni mapema namna moja ya kuandika bila hiyo alama na wote muifuate. Alafu fungueni Google Maps muangalie pale mahali pameshaandikwaje, mara nyingi kuna mtu alishapaweka kwa jina lake analolijua yeye, na kuna picha na maoni ya watu tayari, msifungue ukurasa mpya pembeni, ombeni kuumiliki huohuo muurekebishe. Pia tafuteni jina hilohilo pamoja na neno baa, lodge na gesti. Niamini kuhusu hili.

Kuhusu majina ya wakubwa. Najua presha inakuja, kuna mtu kwenye kikao atasimama aseme kwa heshima na taadhima tuipe jina la mheshimiwa fulani na watu watapiga makofi kwa sababu nani atakataa. Historia ya hifadhi za ukanda wetu ni somo tosha. Virunga ya Kongo ilianzishwa 1925 kwa jina la mfalme Albert wa Ubelgiji, mwaka 1969 likaondoka. Ile ya Uganda iliyoanza 1952 kama Kazinga, mwaka 1954 malkia Elizabeth alipokuja ikapewa jina lake, wakati wa Amin ikawa Rwenzori, na baada ya hapo ikarudishwa kwa malkia. Selous lilikuwa jina la mwindaji Mwingereza aliyeuawa vitani Beho Beho mwaka 1917, na mwaka 2019 sehemu kubwa ya lile pori ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Sisemi mabadiliko hayo yalikuwa mabaya, kwa Nyerere mimi binafsi nimefurahi, nasema tu kila badiliko moja ni vibao vyote upya, ramani upya, tiketi upya, vitabu vya wageni upya, na taifa lina bajeti ya kufanya hivo ila kamati yenu haina. Uhuru Park ya Nairobi imekaa na jina lake tangu 1969, imepita marais wote, haijapata sababu ya kubadilishwa. Mkibanwa sana mpeni mheshimiwa geti, au banda la mikutano, au njia ya kutembelea. Geti ni rahisi kupaka rangi upya.

Tena Kenya kuna sheria kabisa ya bendera, nembo na majina ya taifa, majina fulani ya viongozi na ile ngao ya taifa huwezi kuvitumia bila kibali. Tanzania hivohivo kwa Nembo ya Taifa, yule bibi na bwana wasikae kwenye logo yenu bila ruhusa, hata kama ni bustani ya halmashauri.

Kupiga kura je? Kura ni nzuri lakini iwe mwisho, sio mwanzo. Uingereza mwaka 2016 taasisi moja ya utafiti iliwaachia watu wa mtandaoni waipe jina meli mpya ya sayansi, kila mtu apendekeze anachotaka, ikashinda Boaty McBoatface, utani mtupu, mwishowe wakubwa wakaiita meli jina la David Attenborough, yule mtangazaji wa vipindi vya wanyama, na ule utani wakaupa kijichombo cha chini ya maji. Sasa wale angalau walikuwa na chombo cha pili cha kupozea watu. Nyinyi chujeni mpaka yabaki majina matatu ambayo yote mnaweza kuishi nayo, ndo mpeleke mkutano wa mtaa, mwenyekiti awepo, mtendaji awepo, wazee na akina mama wawepo, watu wanyooshe mikono, na muhtasari uandikwe na kusainiwa. Kwa Kenya ushirikishwaji wa umma upo kwenye katiba ya 2010, sio hisani, na msipoufanya kuna mtu atawapeleka mahakamani kwa hilo tu. Huo muhtasari utunzeni vizuri. Siku akija kiongozi mpya na jina lake mfukoni mnamuonyesha.

Jina likipita, lisajilini kama alama ya biashara na huduma kabla hamjalitangaza. Tanzania Bara ni BRELA, Zanzibar ni BPRA na kusajili upande mmoja hakukulindi upande wa pili, Kenya ni KIPI. Bara usajili wa kwanza unadumu miaka 7 kisha unauhuisha kila miaka 10, Kenya ni 10 moja kwa moja. Utaulizwa madaraja, yaani makundi ya bidhaa na huduma, la burudani na elimu ni 41, na kama mnataka kuuza tisheti ongezeni 25. Wengi wanaona ni mbwembwe mpaka siku wanakuta mtu anauza maji ya chupa yenye jina la msitu wao.

Haya tuje kwenye logo, na hapa ndo raha ilipo.

Kosa namba moja ni kuweka mnyama ambaye hayupo. Tembo, simba na twiga wameshachoka, kila kampuni ya utalii Arusha ina twiga na mti wa mgunga na jua linazama. Tafuta kile ambacho kwenu kipo na kwa jirani hakipo. Jozani kule Unguja wana kima punju, kima wa mgongo mwekundu na nywele zilizosimama kichwani kama kaamka sasa hivi, ukimwona tu unajua hii ni Zanzibar. Pemba wana popo wao mkubwa wa Pemba, mtu akiniambia popo hapendezi kwenye logo nitambishia, umbo la popo aliyefungua mabawa ni rahisi kuchora na mtoto anaweza kulikumbuka. Arabuko-Sokoke, ule msitu wa Pwani ya Kenya, wana sengi, kamnyama kama panya mwenye pua ndefu, mwenye makalio ya dhahabu, nani mwingine ana hicho kitu? Na si lazima awe mnyama, inaweza kuwa jani, daraja la zamani, mwamba wenye umbo lake, mizizi ya mkuyu. Mnyama mwenyewe pia anaweza kuja bila kupangwa, Haller Park mwishoni mwa 2004 walipokea kiboko mdogo, Owen, aliyeokolewa baharini karibu na Malindi wakati wa tsunami, akajishikiza kwa kobe mkubwa aitwaye Mzee, na dunia nzima ikaijua ile sehemu kwa hao wawili. Ila hao ni stori, stori zinapita, logo ni ya kukaa, msikimbilie kuweka kwenye logo mnyama mmoja ambaye kesho atakufa au kuhamishwa.

Kuna vitu havigusiki. Ukiwa Pwani ya Kenya karibu na kaya za Mijikenda, zile zilizoingia urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2008, utaona vigango, ile miti iliyochongwa kukumbuka wazee waliokufa, ina umbo zuri sana na designer yeyote wa mjini atataka kuitumia. Hapana. Hivyo ni vitu vya marehemu, vimeshaibiwa vya kutosha na kuuzwa ng'ambo. Hata mti wa matambiko ulio ndani ya msitu wenu, kabla ya kuuchora nendeni kwa wenyewe muulize, na wakisema hapana msijadiliane.

Mchoro wenyewe uwe wa rangi moja kwanza. Yule mnyama panda kwenye logo ya WWF, shirika la kuhifadhi mazingira, alichorwa mwaka 1961, Peter Scott ndo aliyeumaliza ule mchoro, na sababu mojawapo ya kumchagua ilikuwa kwamba ni mweusi na mweupe kwa hiyo uchapaji unakuwa wa bei rahisi, sababu ya kibahili kabisa na bado ni moja ya logo zinazojulikana zaidi duniani. Kipimo changu ni mchora mabango wa mtaani. Mpe logo yako, brashi na rangi ya mafuta, mwambie aichore ukutani bila kompyuta. Akiitoa vizuri, logo imepita. Akianza kuuliza hapa huu ukungu wa rangi unaisha wapi, rudini mkapunguze, maana miaka mitano ijayo pesa ya kuchapa haitakuwepo na yeye ndo atakayeirudia kwa mkono, kwenye geti, kwenye pipa la taka, kwenye choo. Ifanyieni pia jaribio la muhuri. Ofisi zetu zinaishi kwa mihuri, logo isiyosomeka kwenye muhuri wa wino itaishia kwenye barua ya kwanza tu.

Rangi sasa, na hapa naomba usikivu. Msitu utakuambia kijani, sawa, na kijana atakuambia kijani inapendeza na njano. Ngojeni. Kijani na njano kwa Tanzania ni CCM, na kama sio CCM basi ni Yanga, utaweka geti zuri watu wanadhani ni tawi la chama au la mashabiki, nusu ya mji haiingii na nusu nyingine inakuja na vuvuzela. Nyekundu na nyeupe hao Simba. Bluu na nyekundu mtaambiwa CHADEMA, zambarau ACT. Mkivuka mpaka njano na kijani ni UDA, chungwa ni ODM. Kwa hiyo kilichobaki? Kijani kibichi cha giza na rangi ya krimu, au kahawia ya udongo wa hapohapo kwenu, au ile bluu ya kijani ya maji ya kina. Nendeni msituni mchukue udongo, jani lililokauka, gome la mti, mpeleke duka la rangi wawachanganyie karibu na hizo, alafu namba ya rangi muiandike kwenye faili, sio kwenye kichwa cha fundi.

Na jua letu halina huruma. Angalia mabango ya wagombea miezi kadhaa baada ya uchaguzi, nyuso zote zimegeuka bluu, nyekundu na njano ndo zinakimbia kwanza, zinabaki bluu na nyeusi. Kwa hiyo kitu muhimu kama "usiogelee hapa" kisitegemee wino mwekundu wa kuchapa. Ukiwa pwani chumvi inakula chuma, bara mchwa wanakula mbao, na kila mahali wauza vyuma chakavu wanakula kibao kizima na nguzo yake usiku mmoja. Mi napendelea maandishi kuchongwa kwenye zege au jiwe kwa geti kuu, halafu vibao vya ndani ya msitu viwe vya mbao vilivyopakwa dawa, vidogo, ambavyo fundi wa mtaa anaweza kutengeneza kingine kesho. Ukubwa wa herufi mafundi wa mabango wana kanuni yao, kila mita 3 za umbali herufi iwe na urefu wa kama sentimita 2.5, kwa hiyo mtu wa kwenye gari umbali wa mita 30 anataka herufi ya sentimita 25. Msiandike sentensi nzima kwa herufi kubwa, na kama kibao kinakaa kando ya barabara ombeni kibali TANROADS au TARURA, inategemea barabara ni ya nani, vinginevyo kitapigwa X nyekundu.

Kwenye fonti msijichoshe. Chagueni moja ya bure, iliyonyooka, inayosomeka, yenye kile kikoma cha ng' kilichokaa vizuri, na mkae nayo. Idara ya hifadhi za taifa ya Marekani ina nembo ya kichwa cha mshale tangu 1951, lakini kilichofanya hifadhi zao zote zionekane ndugu mi naona ni kitu kidogo kuliko hicho, mwaka 1977 mchoraji Massimo Vignelli aliwatengenezea utaratibu wa vipeperushi ambao una mkanda mweusi juu na jina la hifadhi kwa herufi nyeupe ndani yake, basi. Mkanda mweusi. Popote unapokwenda ukiuona unajua hawa ni walewale. Mkanda wowote anaweza kuupaka, hata akiwa na nusu kopo la rangi, na kwa bajeti zetu hilo ndo wazo la kuiba kuliko yote kwenye ukurasa huu.

Kauli mbiu nayo watu wanaiandika kwa Kiingereza kwanza alafu wanaitafsiri, inatoka imekakamaa. KWS kwenye kubrand mbuga zao Tsavo Mashariki waliipa kauli ya jukwaa la maigizo ya porini, Amboseli ukumbi wa kifalme wa Kilimanjaro, na kwa mtalii aliyetoka mbali kwa Kiingereza inaleta ladha, sibishi. Lakini msitu wa umma wa mjini mteja wake ni mama anayetafuta pa kupeleka watoto Jumapili. Ukitaka kauli mbiu ya Kiswahili kaa na watu wa kanga. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina, na lile jina ni mstari mmoja tu unaosemwa kwa mdomo mmoja na unamgusa mtu. Wala usidharau zile herufi ndogo za pembeni zilizoandikwa K.H.E. Mali ya Abdulla, hiyo ni brandi ya Kaderdina wa Mombasa ambayo akina mama wameiangalia dukani miaka nenda rudi kabla ya kununua, bila mshauri yeyote. Kwa hiyo andikeni mistari mingi, wasomeeni akina mama watano, ule watakaourudia wenyewe bila kuombwa ndo huo. "Ingia, kuna kivuli" inatosha kabisa. Na mkipata hela kidogo chapeni kanga kweli, mnyama wenu katikati kwenye mji na kauli mbiu kwenye jina, itauzika getini kuliko kofia, na itatembea misibani na harusini ambako bango halifiki.

Kuna sehemu moja ya brandi ambayo huwa inasahaulika, nayo ni ile mtu anapolipa. Ukimwambia alipe kiingilio kwa lipa namba au paybill, simu inamtolea jina kabla hajathibitisha. Kama geti linasema Mkuyuni na simu inasema jina la mtu binafsi au la kampuni asiyoijua, atasita, na kwa matapeli waliopo siku hizi ana haki ya kusita. Kama ni eneo la serikali Tanzania litatoka kwenye control namba, ombeni maelezo ya malipo yawe na jina lilelile la getini. Na mhudumu akipokea simu aseme jina hilohilo. Na kwenye sare, kama mna walinzi watatu wenye tisheti tatu tofauti hata logo iwe nzuri vipi mgeni anaona vurugu.

Mwisho kabla hamjamlipa designer hela ya mwisho, akabidhi faili halisi, sio picha ya WhatsApp, zile faili zinazokuzwa mpaka ukubwa wa ukuta bila kuvunjika, pamoja na fonti na namba za rangi, na asaini karatasi kwamba haki zote za ule mchoro amezihamishia taasisi, kwa sababu bila hiyo karatasi anaweza kudai kazi ni yake hata kama mlimlipa. Faili zikae sehemu mbili, ofisini na kwenye barua pepe ya taasisi, sio kwenye laptop ya katibu ambaye anahamishwa mwakani. Alafu toeni ukurasa mmoja tu wa maelekezo, jina linaandikwaje, rangi ni namba ngapi, mnyama anaangalia upande gani, mkanda una upana gani, muulaminishe, na nakala moja mpeni yule mchora mabango.